Jina la Mke katika Karatasi ya Shamba: Njia ya Kutafuta Ukoo Ufipa

Mhadhara wa wazi, Sumbawanga



Mtu anayeanza kuandika historia ya ukoo wake hapa Ufipa kwa kawaida hukwama mahali pamoja. Upande wa baba anapanda vizuri: baba, babu, baba wa babu, na pengine hadi kizazi cha tano au cha sita. Mwulize babu wa babu yake alioa nani, huyo bibi alitoka kijiji gani, na mama yake aliitwa nani. Hapo majina huisha. Daftari linajaa wanaume waliozaana wao kwa wao, jambo ambalo Mungu hakuliumba.

Kwa Wafipa upungufu huu unaumiza zaidi. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza kwamba Mfipa huhesabu ukoo kwa pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Masimulizi ya utawala wetu nayo yanaanza na wanawake: wale wageni waliofika Milansi wakati mtemi Ntatakwa yuko mawindoni, wakaasisi nasaba ya Watwa iliyotawala Nkansi na Lyangalile. Kwa hiyo anayeorodhesha wanaume tu hajauandika ukoo wa Kifipa.

Nina jambo moja la kuwaambia leo, na mengine yote ni maelezo yake: jina la mke limeandikwa pale haki yake ilipotambuliwa. Karani wa zamani hakuandika jina la mwanamke kwa kumpendeza. Aliliandika kwa kuwa bila jina hilo karatasi yake ingekosa nguvu, na pasipokuwa na haki ya kulinda, aliliacha. Basi kabla ya kufungua kabati la nyaraka, mtafutaji ajiulize: mwaka ule, mahali pale, mke alikuwa na haki gani juu ya ardhi ya mumewe? Akijua haki, atajua jina litakuwa kwenye karatasi ipi.

Theluthi na thumuni

Nianze mbali kidogo ili tuone kanuni inavyofanya kazi. Uingereza ya zamani mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi moja ya ardhi ya marehemu mumewe hadi mwisho wa maisha yake. Haki hiyo iliishika ardhi hata kama mume aliiuza akiwa hai, kwa hiyo mnunuzi mwenye akili alitaka kwanza mke aiachie. Waingereza walihamia Marekani na sheria hiyo. Katika majimbo mengi huko mke alitengwa na mumewe, akaulizwa faragha kama anakubali kwa hiari yake, na jibu lake likaandikwa pamoja na jina lake. Uingereza ilipunguza haki hiyo kwa sheria ya 1833 na kuifuta kwa sheria ya 1925, lakini vitabu vya hati vilikwisha jaa majina ya wanawake. Leo Mmarekani anayetafuta ukoo hupata jina la bibi yake kwenye hati ya shamba wakati kitabu cha kanisa kimeungua. Na akikuta mume ameuza peke yake, anauliza: je, alikuwa bado hajaoa, au mkewe alikwisha fariki?

Turudi kwetu. Katika pwani yetu na Zanzibar, na katika familia za Kiislamu za mwambao wa Ziwa Tanganyika na za mjini hapa Sumbawanga, haki ya mjane imewekwa na Kurani yenyewe, Surat An-Nisaa, aya ya 12. Mume akifa bila mtoto, mjane anapata robo. Akiacha mtoto, mjane anapata thumuni, yaani 1/8. Wajane wakiwa wawili, watatu au wanne, wanagawana fungu hilo hilo.

Hesabu hii inamfundisha mtafutaji mambo mengi. Tuseme umekuta karatasi ya mirathi ya nyumba, na ndani yake mwanamke mmoja ameandikiwa sehemu 4 kati ya 32, mwanamume mmoja sehemu 14, na wanawake wawili sehemu 7 kila mmoja. Hakuna mahali palipoandikwa nani ni nani. Lakini 4 kati ya 32 ni thumuni: huyo ni mjane, na marehemu aliacha watoto. Zinabaki 28. Mtoto wa kiume hupata mafungu mawili ya mtoto wa kike, kwa hiyo mwenye 14 ni mwana wa kiume na wenye 7 ni mabinti. Unajua pia kwamba wazazi wa marehemu walikwisha tangulia, maana kama wangekuwepo wangepata fungu lao. Ukikuta wanawake wawili wenye sehemu 2 kila mmoja, marehemu aliacha wajane wawili, na kazi yako inayofuata ni kujua mtoto yupi ni wa mama yupi. Familia nzima inasimama mbele yako kwa tarakimu nne.

Wapo pia Watanzania ambao mirathi yao imeamuliwa kwa Sheria ya Urithi ya India ya 1865, iliyoletwa Tanganyika wakati wa Waingereza na kutumika zaidi kwa wasiofuata sheria ya Kiislamu wala ya kimila. Humo mjane hupata theluthi kama marehemu ameacha wazao, na nusu kama ameacha ndugu tu. Kwa hiyo theluthi au nusu kwenye hukumu ya zamani ya mirathi nayo inakupa habari za familia hata kabla hujasoma majina.

Haki isiyokuwa na karatasi

Kwa mkulima wa kawaida wa Ufipa hali ilikuwa tofauti. Shamba lilikuwa haki ya kulitumia, na ushahidi wa haki hiyo ulikuwa matuta, jasho na majirani. Wajerumani waliotutawala kutoka Bismarckburg, yaani Kasanga, walitoa amri ya tarehe 26 Novemba 1895 kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya dola yao. Waingereza nao wakaleta Sheria ya Ardhi ya 1923, ardhi yote ikawa chini ya mamlaka ya Gavana. Marekebisho ya 1928 yalitambua kwamba mwenyeji anayelima kwa mila ana haki ya kumiliki hata kama hana hati. Babu yako alikuwa na haki na hakuwa na karatasi. Usipoteze nauli kwenda Dar es Salaam kutafuta hati yake ya mwaka 1935, kwa sababu haikuandikwa kamwe.

Karatasi za wakati huo ziko kanisani. Karema, kituo kilichoanzishwa mwaka 1879 na Wabelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilikabidhiwa Mapadre Weupe mwaka 1885, na kutoka kando ya ziwa wakapanda hadi katika nyanda zetu. Leo Karema imo Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, lakini anayetafuta ukoo asiruhusu mipaka ya mikoa imkate njia. Mapadre walitunza kitabu cha ubatizo, cha ndoa, cha vifo, na daftari la hali ya waumini lililoorodhesha watu kaya kwa kaya.

Katika kitabu cha ubatizo jambo la kutazama ni pembeni ya ukurasa. Amri ya Kanisa iliyoanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908 iliagiza kwamba mtu akifunga ndoa, habari za ndoa hiyo ziandikwe pia mahali alipoandikwa ubatizo wake. Ukimpata bibi yako akiwa mtoto mchanga kwenye kitabu cha parokia, soma pembeni: huenda ameandikwa aliolewa lini, wapi, na nani. Maandishi hayo madogo ndiyo daraja kati ya msichana wa nyumba ya baba yake na mke wa nyumba nyingine, na ndipo watafutaji wengi humpoteza.

Hapa tena kanuni yetu inafanya kazi, na inauma. Mwanamume mwenye wake wengi aliyetaka ubatizo alitakiwa abaki na mke mmoja. Haki ya huyo mmoja ilitambuliwa, akaandikwa. Wenzake waliolima, waliozaa na kuzika katika mji ule ule hawakupata mstari katika kitabu cha ndoa. Lakini usikate tamaa. Watoto wao walibatizwa, na katika ubatizo wa mtoto jina la mama huandikwa. Kusanya watoto wote wa baba mmoja, weka majina ya mama zao sambamba, na wale wake walioachwa nje wataanza kuonekana. Mwanahistoria Kathleen Smythe ameandika kitabu kizima juu ya familia za Kifipa na uinjilishaji wa Kikatoliki katika Nkansi, na anayetaka kuelewa jinsi misheni ilivyogusa malezi na ndoa zetu anafaa akisome.

Kumbuka pia kwamba vijiji vimehama. Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji iliwakusanya watu, na majina mengi ya makazi yaliyo katika vitabu vya misheni leo ni mahame. Usimwulize kijana wa miaka 20 kijiji hicho kiko wapi. Mwulize mzee aliyekuwa anachunga huko.

Kuisoma karatasi ya mauziano

Sasa tuje kwenye karatasi ambazo nyumba nyingi zinazo: makubaliano ya kuuziana shamba, yaliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, yakagongwa mhuri wa kijiji. Tutengeneze mfano:

“Mimi fulani nimemuuzia ndugu fulani shamba langu la ekari tatu. Mashariki limepakana na Mama Yosefu, magharibi njia ya ng’ombe, kaskazini mzee fulani, kusini bonde. Nimepokea fedha zote.” Chini kuna sahihi ya muuzaji, ya mnunuzi, na mashahidi: wawili upande wa muuzaji, wawili upande wa mnunuzi. Jina moja la shahidi wa muuzaji lina alama ya dole gumba.

Wengi wanasoma jina la muuzaji na bei, wanakunja. Mimi nawaomba muanzie chini. Mwanamke aliyeandikwa shahidi wa muuzaji mara nyingi ndiye mke wake, mama yake au dada yake. Kijiji kilijua kwamba bila yeye kukubali, mnunuzi angefika na jembe akakutana na ugomvi. Haki yake ilijulikana na kila mtu, lakini maandishi ya mauziano hayakuwa na nafasi ya kumwita mwenye shamba, basi yakamwita shahidi. Jina hilo lipeleke kwenye vitabu vya parokia ulinganishe.

Kisha tazama mipaka. Huyo Mama Yosefu wa mashariki analima shamba linalogusa la muuzaji. Huenda ni jirani tu, na huenda ni mjane wa kaka yake aliyebaki kwenye ardhi ya mumewe. Ameitwa kwa jina la mtoto wake, kama desturi yetu ilivyo, na jina hilo linakupa pa kuanzia: tafuta Yosefu aliyebatizwa karibu na hapo, mama yake atakuwa ameandikwa kwa jina lake mwenyewe. Dole gumba nalo lisikupite. Aliyeweka dole hakuandika jina lake, liliandikwa na karani kama alivyolisikia. Ukilikuta kwa tahajia tatu katika karatasi tatu, usimfanye mwanamke mmoja kuwa watu watatu.

Sheria zilipobadilika

Mwaka 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka huo. Kifungu cha 56 kilimpa mke haki sawa na mume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Kifungu cha 59 kilisema mwenye nyumba ya ndoa, awe mume au mke, haruhusiwi kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Kuanzia hapo ridhaa ya mwenza inaanza kuonekana kwenye karatasi za nyumba, hasa mijini na benki, na jina la mke linaandikwa kwa cheo chake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya akiamua shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory kutoka Kagera, ilisema mwanamke aliyerithi shamba la ukoo anaweza kuliuza kama mwanamume.

Sheria za ardhi za 1999, Namba 4 na Namba 5, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya ardhi. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi kinasema kwamba hata ardhi ikiwa imeandikwa jina la mmoja, mwenza aliyeiendeleza kwa nguvu zake anapata haki ndani yake. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya mume na mke pamoja. Kwa vizazi vijavyo masjala ya ardhi ya kijiji itakuwa kama kitabu cha misheni kilivyo kwetu.

Lakini sheria haikwenda upande mmoja tu. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, Tangazo Namba 436, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, zilisema mjane hana fungu kama ndugu wa marehemu wapo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mahakama ya Mwanzo ilipofuata kanuni hizo, orodha ya warithi ilijaa watoto na kaka, na mjane aliyekaa pale pale msibani hakutajwa. Kwa mtafutaji hili ni onyo kubwa: kutokuwepo jina la mke katika orodha ya warithi hakuthibitishi kwamba alikuwa amekufa. Inawezekana alikuwa hai na hakuhesabiwa. Soma muhtasari wa kikao cha ukoo uliopelekwa mahakamani pamoja na maombi ya usimamizi wa mirathi. Humo waliohudhuria huandikwa mmoja mmoja na kuweka sahihi, na mara nyingi mjane aliyekosekana kwenye urithi yupo kwenye mahudhurio.

Pa kuanzia

Anza nyumbani, kwenye sanduku la karatasi la wazee. Nenda na heshima, kwa sababu anayeuliza karatasi za shamba hudhaniwa amekuja kudai shamba. Waeleze wazi kwamba unatafuta majina. Unaweza pia kuwaeleza kwamba Sheria ya Ukomo ya 1971 imeweka miaka 12 kwa madai ya kurejesha ardhi, hivyo karatasi ya mwaka 1968 mikononi mwa mjukuu mwenye daftari haimnyang’anyi mtu shamba lake. Piga picha, rudisha karatasi mahali ilipokuwa.

Kisha nenda ofisi ya parokia, umwombe paroko ruhusa, ukiwa na jina, kijiji cha zamani na makadirio ya mwaka. Baada ya hapo mahakama ya mwanzo na masjala ya kijiji. Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, zenye mafaili ya Wajerumani na ya wilaya wakati wa Waingereza, ziwe mwisho, utakapojua unachotafuta. Ukiandika mti wa ukoo, kila jina la mwanamke liandike pamoja na kijiji cha baba yake, na useme umelipata wapi.

Kabla sijamaliza nina ombi kwa walio na kalamu leo: wenyeviti, watendaji, makatibu wa vikao vya ukoo. Mke mwenye haki katika shamba aandikwe mmiliki. Msimwandike shahidi. Mjane aandikwe kwa jina lake kamili na la baba yake, na neno “Mama Fulani” liwe nyongeza tu. Hati ya kimila ikiombwa na watu wa ndoa, ulizeni majina mawili, na nafasi ya pili isibaki tupu kwa uvivu. Mnapofanya hivyo mnalinda haki ya mwanamke aliye hai mbele yenu, na mnamwachia mjukuu wake, ambaye bado hajazaliwa, jina la bibi yake.